Chujio la Nje la Oili ya Giaboksi

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto haifiki kilomita 40. Lakini karibu yote ni mlima na kona. Kabichi, karoti na viazi vinashuka. Mbolea, saruji na sukari vinapanda. Gari bovu hujulikana mapema katika njia hiyo.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga wa huko milimani kilinunua pikapu. Walikuwa wameweka akiba kwa misimu mitatu. Pikapu yenyewe ni kuukuu. Ilitengenezwa Japani katika miaka ya 1990, na ni gari la oto. Maana ya oto ni kwamba dereva hakanyagi klachi wala habadilishi gia kwa mkono. Gari linabadilisha gia lenyewe. Waliipata kwa bei ya chini kuliko pikapu ya gia za mkono, nao wakafurahi.

Mwaka wa kwanza haukuisha. Pikapu ikaanza kuchelewa kushika gia. Dereva anaweka D, injini inanguruma, gari limesimama. Halafu linaruka mbele kwa kishindo. Fundi mmoja akasema dawa yake ni chujio la nje. Akalifunga jioni ile ile. Siku ya tatu, wakipanda kutoka Mombo na mifuko ya mbolea, mpira aliofunga ukalainika kwa joto na kupasuka. Oili yote ikamwagika njiani, na giaboksi ikafa.

Mimi niliwakuta hapo kando ya barabara, wamekaa juu ya mifuko yao. Wengi wao ni wanafunzi wangu wa zamani wa kisomo cha jioni. Walilazimika kununua giaboksi nyingine ya mtumba. Fedha hizo zilitoka katika akiba ya mbegu.

Kijijini watu wakasema, "Chujio la nje ni hatari. Limeua gari." Mimi sikubaliani nao. Chujio halikuua gari. Kwanza, lilifungwa katika giaboksi ambayo ilikuwa mgonjwa tayari, na chujio si dawa ya ugonjwa. Pili, lilifungwa vibaya. Katika giaboksi ambayo bado ni nzima, na likifungwa vizuri, chujio la nje ni kinga ya bei ndogo. Basi, ndugu msomaji, tuliangalie jambo hili polepole.

OILI INAFANYA KAZI GANI?

Katika lori la gia za mkono, oili ya giaboksi ni nzito na imetulia ndani. Meno ya gia yakizunguka yanajipaka oili hiyo. Basi, kazi yake kubwa ni kulainisha.

Katika gari la oto mambo ni tofauti. Je, umewahi kuona jeki ya oili? Mtu mmoja anapampu kwa mkono, oili inasukumwa, na lori zima linanyanyuka. Giaboksi ya oto inafanya kazi kwa njia hiyo. Ndani yake kuna pampu. Pampu inasukuma oili katika vijia vyembamba. Oili hiyo inabana sahani za klachi, na gia inashika. Oili ikiachia hapa na kubana pale, gia inabadilika. Kwa hiyo oili ndiyo mkono unaobadilisha gia.

Tena oili hiyo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara, kama sufuria mbili zilizofunikwa mdomo kwa mdomo. Ndani yake mna oili na mapanga kama ya feni. Injini inazungusha mapanga ya upande mmoja, oili inakwenda kwa kasi na kuyasukuma mapanga ya upande wa pili. Na oili hiyo hiyo inabeba joto na kulitoa nje.

Giaboksi za namna hii si jambo jipya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuziuza kwa wingi mwaka 1939. Huku kwetu zimekuwa nyingi tangu magari ya mtumba ya Japani yalipoanza kumiminika. Ndiyo sababu fundi wa zamani, aliyezoea Bedford na Land Rover, anaweza kuwa bingwa kabisa na bado asiijue giaboksi ya oto. Si aibu yake. Lakini muulize kabla hajashika spana.

UCHAFU UNATOKA WAPI?

Mtu atauliza, "Giaboksi imefungwa pande zote. Vumbi linaingia wapi?" Uchafu mwingi hautoki nje. Unatoka ndani yenyewe.

Sahani za klachi zimebandikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Kila gia inaposhika, kitu hicho kinasagika kidogo na kuwa vumbi jeusi. Vyuma navyo vinasuguana na kutoa unga laini wa chuma. Vumbi hilo linaogelea katika oili. Linafika kwenye vali ndogo ndogo zinazogawa oili. Vali zinakwaruzika au kukwama. Oili haisukumwi tena kwa nguvu inayotakiwa. Basi sahani hazibanwi sawasawa, zinateleza. Zikiteleza zinaungua. Zikiungua zinatoa vumbi zaidi. Hivyo ndivyo giaboksi inavyojila yenyewe.

"Lakini kiwanda hakikuweka chujio?" Kimeweka. Liko chini, ndani ya bakuli la oili ambalo mafundi wanaliita sampu. Katika aina nyingi za zamani ni wavu tu wa chuma. Wavu huo unazuia vipande vikubwa. Vumbi laini linapita, kama unga unavyopita katika chekeche. Kwenye sampu pia kuna sumaku ndogo za kukamata unga wa chuma, lakini sumaku haikamati vumbi la sahani.

Kwa nini kiwanda hakikuweka chujio la matundu madogo zaidi hapo? Sababu ni hii. Pampu inavuta oili kupitia wavu huo. Jaribu kunyonya uji kwa mrija mwembamba. Utaona kazi yake. Chujio likibana mno, pampu itakosa oili, hasa asubuhi ya baridi oili ikiwa nzito. Kama umeamka Lushoto mwezi wa saba, unaijua baridi hiyo.

Chujio la nje linakaa mahali pengine. Oili ikiisha kufanya kazi ndani ya giaboksi, inatoka kwa bomba dogo la chuma mpaka kwenye rejeta. Inapita chini ya rejeta, au ubavuni, inapoa, kisha inarudi kwa bomba la pili. Hapo oili inasukumwa, hainyonywi. Kwa hiyo unaweza kuweka chujio la matundu madogo bila kuikaba pampu. Oili haichujwi yote kwa mara moja. Lakini inazunguka na kuzunguka, na kila mzunguko inaacha uchafu kidogo.

JE, GARI LAKO NI LA KUFUNGIWA?

Angalia mkono wa gia. Kama una herufi P, R, N na D, hilo ni gari la oto. Kama una namba 1, 2, 3, 4 na kuna pedeli ya klachi, hilo ni la gia za mkono. Malori mengi ya vijijini kwetu, kama vile Fuso na Canter, ni ya gia za mkono. Lori la namna hiyo halina mabomba ya kupeleka oili ya giaboksi kwenye rejeta. Chujio hili halina mahali pa kufungwa. Mtu akikwambia anataka kukufungia, mwambie akuonyeshe kwanza mabomba yako wapi. Usitoe fedha kabla hujayaona.

Kama gari ni la oto, pima afya ya oili. Hapa ndipo mwanakisomo anapofaidi kazi ya macho yake. Toa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Usikichanganye na kile cha injini. Katika magari mengi ya Toyota kijiti hicho kina maneno COOL na HOT. COOL ni alama ya oili ikiwa bado haijapata moto. HOT ni alama ya oili iliyopata moto. Mara nyingi kuna neno jingine pia, kwa mfano DEXRON au T-IV. Hilo ndilo jina la oili inayotakiwa.

Katika kikundi kile, mama mweka hazina ndiye aliyelisoma neno hilo. Pikapu ilikuwa imekwisha wekewa giaboksi ya pili. Fundi wa pili, kijana mwenye subira, alikuwa ameshika kopo la oili.

Mama akauliza, "Fundi, mwanangu, kwenye kijiti pameandikwa T-IV. Kwenye kopo lako pameandikwa jina jingine. Ni mamoja?"

Kijana akageuza kopo, akasoma, akanyamaza kidogo. "Hapana, mama. Si mamoja. Shikamoo." Wote wakacheka. Akarudi dukani kubadilisha.

Oili za oto zinafanana rangi, nyingi ni nyekundu, lakini hazifanani tabia. Sahani za klachi zinataka oili inayoteleza kwa kiasi kile kile kilichopangwa. Oili ya injini usiitie kabisa. Na magari madogo ya miaka ya karibuni yenye giaboksi ya mkanda, inayoitwa CVT, yana oili yake peke yake na mfumo wake. Hayo sisemi habari zake hapa.

Namna ya kupima ni hii. Simamisha gari mahali tambarare, baada ya kutembea mpaka lipate moto. Acha injini ikiunguruma. Kanyaga breki, vuta na hendibreki. Peleka mkono wa gia katika herufi zote polepole, kisha urudishe P. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena usome. Honda kwa kawaida hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma kitabu cha gari kama kipo.

Halafu dondosha oili kidogo juu ya karatasi nyeupe. Kama ni nyekundu na safi, heri. Kama imekuwa ya kahawia lakini hainuki, imechoka na inataka kubadilishwa. Kama ni nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, sahani zimekwisha ungua. Hapo chujio la nje halitasaidia kitu. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa katika pikapu ya kikundi siku fundi wa kwanza alipofika, na hakuna aliyetoa kijiti. Na kama oili inafanana na maziwa yenye rangi ya waridi, basi maji ya rejeta yameingia ndani. Zima gari. Usiliwashe hata kwenda gereji, livutwe.

KULIFUNGA

Machujio haya yako ya namna mbili. Moja ni dogo, kama chujio la petroli lakini la chuma au plastiki ngumu, nalo linaingia katikati ya mpira. La pili ni kopo la kuzungusha kama chujio la oili ya injini, na lina kitako chake cha kufunga kwenye bodi. La kopo linabeba uchafu mwingi zaidi, lakini linataka nafasi na mikono mizuri. Kwa pikapu ya kijijini mimi napenda lile dogo. Lakini nunua lililotengenezwa kwa ajili ya giaboksi ya oto, lenye sumaku ndani na njia ya pembeni. Njia ya pembeni ni vali inayofunguka chujio likijaa uchafu, ili oili iendelee kupita. Chujio la petroli halina vali hiyo. Likiziba, oili inashindwa kurudi, na giaboksi inakosa oili ya kulainisha.

Mahali pake ni kwenye bomba la kurudi, yaani lile linalotoka rejeta kwenda giaboksi. Oili ya hapo imekwisha poa. Tena uchafu wowote uliolala ndani ya rejeta unakamatwa kabla ya kurudi ndani. Jambo hili ni la lazima kwa mtu aliyebadilisha giaboksi, kama wale wakulima. Giaboksi ya kwanza ilipokufa iliacha vipande vyake ndani ya rejeta. Ukifunga giaboksi nyingine bila kuisafisha njia hiyo, unairithisha maradhi ya marehemu.

Utalijuaje bomba la kurudi? Asubuhi, gari likiwa la baridi, washa injini na ushike mabomba mawili kwa tahadhari, mbali na feni. Bomba linalotangulia kupata moto ndilo linalotoka giaboksi. Lile la pili ndilo la kurudi. Kama huna hakika, zima injini, fungua mpira upande wa bomba unalolidhania, elekeza mpira huo wa rejeta na mdomo wa bomba katika vyombo viwili, na mwenzako awashe kwa sekunde mbili au tatu tu, kisha azime. Oili ikitoka kwenye mpira wa rejeta, hilo ndilo bomba la kurudi. Ikitoka kwenye bomba la chuma, hilo ni la kwenda. Usizidishe muda. Kwa dakika moja pampu inaweza kumwaga lita kadhaa, na ikikauka inaharibika.

Katika magari mengi, kati ya bomba la chuma na rejeta kuna kipande kifupi cha mpira. Chujio liwekwe hapo. Hakuna haja ya kukata chuma. Msumeno unaacha unga wa chuma ndani ya bomba, na huo ndio uchafu tunaoukimbia.

Sasa sikiliza habari ya mpira, maana hapa ndipo ile giaboksi ya kwanza ilipomalizikia. Fundi wa kwanza alitumia mpira mwangavu wa plastiki. Ulionekana mzuri, hata oili ilionekana ikipita ndani. Lakini oili hii katika kazi ya kawaida inafika nyuzi 80 hivi. Gari lenye mzigo likipanda mlima inaweza kupita nyuzi 120, na maji yanachemka kwa nyuzi 100. Plastiki ile ikalainika. Tena alikuwa ameupitisha karibu na ekzosi, na kila upande aliufunga kwa waya.

Mpira unaotakiwa ni mzito, mweusi, wenye nyuzi ndani yake, uliotengenezwa kwa oili ya moto. Mara nyingi umeandikwa ubavuni. Usome. Mpira wa maji ya rejeta haufai, oili inauvimbisha na kuuoza. Ukubwa wake wa ndani ulingane na bomba. Kila mwisho uwe na klipu ya skrubu, uliokazwa mpaka mpira ushike lakini usikatike. Upite mbali na ekzosi, feni na mkanda wake. Chujio lenyewe lifungwe mahali lisiponing'inia, maana kitu kinachoning'inia hukatika katika barabara ya mashimo.

Na kuna mshale. Juu ya kila chujio la namna hii pamechorwa mshale unaoonyesha oili inakokwenda. Katika bomba la kurudi, mshale uelekee giaboksi. Ukigeuzwa, oili inapita kinyume na chujio halifanyi kazi yake.

BAADA YA KUFUNGA

Washa gari likiwa limesimama. Angalia kila klipu kwa dakika chache, injini ikiunguruma. Zima, pima, ongeza oili kidogo kidogo, kwa sababu chujio na mpira mpya vimechukua sehemu. Usijaze kupita alama. Oili ikizidi inapigwapigwa na kutoa povu, na povu haliwezi kubana klachi. Peleka gari mwendo mfupi bila mzigo, rudi, lala chini uangalie tena. Kesho yake angalia mara ya tatu.

Chujio la kwanza linajaa upesi, kwa kuwa linakamata uchafu wa miaka mingi. Ushauri wangu ni kulibadilisha baada ya kilomita 5,000 hivi. Baada ya hapo, kwa gari la mlimani, kila mwaka. Oili nayo ibadilishwe. Chujio linatoa vumbi, lakini haliirudishii oili iliyochoshwa na joto nguvu yake. Na ukifungua sampu, ujue kwamba haitoki yote. Inatoka nusu au pungufu, nyingine inabaki katika kile chombo cha duara. Kwa hiyo pima ile iliyotoka kwa chupa ya lita, ili ujue kiasi cha kurudisha. Oili chafu iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na kisima na mfereji.

Pikapu ya kikundi bado inapanda kutoka Mombo. Katika daftari lao kuna ukurasa wa gari. Mstari wa kwanza baada ya kazi ile uliandikwa na mama mweka hazina kwa mkono wake. Kuna tarehe, kilomita za siku ile, jina T-IV, kiasi cha oili iliyoongezwa, na mwishoni maneno matatu: mshale umeelekea giaboksi.